Tairi Jeupe

Shaibu aliitikisa saa ya kupimia muda, akaigonga gotini, akaitazama tena. Haikubadilika. Mkewe Tunu, aliyeendesha gari lao la mashindano leo kwa mara ya kwanza, alikuwa amemaliza mzunguko kwa sekunde nne pungufu kuliko yeye. Na katibu wa klabu alikuwa anasubiri fomu yenye jina la dereva mmoja tu, wa mbio za kesho.

Tunu alivua helmeti. “Nimekawia sana, Baba Zulfa?”

“Kwenye kona ya mwisho umekanyaga breki wapi?”

“Kwenye tairi jeupe, lile la ukingoni mwa njia. Si ndipo unapokanyaga wewe?”

Miaka yote, mezani, mbele ya wageni, Shaibu alikuwa akijisifu hivyo. Kumbe mguu wake huenda kwenye breki mita hamsini kabla, penye bango la soda.

“Hukuogopa?”

“Niliogopa sana. Nikawa najiuliza wewe unawezaje kila wiki.”

Katibu akakohoa. Shaibu akaipokea kalamu, kisha akageuka kulitazama lile tairi. Kutoka pale aliposimama, lilionekana limegusana kabisa na kona, bila nafasi yoyote ya kukanyaga breki.