Msingi wa Vendla

"Kokoto usiweke!" Vendla alipaza sauti kutoka dirishani. "Nimesema mabamba kwanza, juu ya udongo mtupu."

Evert alisimama na toroli lake limejaa kokoto. Alikuwa amelima viazi maisha yake yote huku Maine, mpakani na Kanada, na hata yeye alijua kwamba msingi huanza na kokoto, ndipo yafuate mabamba ya povu gumu ya kuzuia baridi, halafu zege. Lakini mchoraji wa misingi nyumbani mle alikuwa mkewe. Nusu ya majengo ya wilaya yalisimama juu ya michoro yake.

"Mke wangu, hapa unajenga kichwa chini miguu juu."

"Wewe kazi yako toroli. Sukuma."

Evert akacheka, akazimwaga kokoto pembeni. Kicheko chenyewe kilikuwa cha juujuu. Vendla alikuwa na ugonjwa wa ini, na madaktari wa mjini walikuwa wamemrudisha nyumbani wakimwambia ale anachopenda. Kila mtu mzima anajua maana ya maneno hayo, isipokuwa Evert. Mtu akianza tu kusema "ikitokea", yeye huinuka kwenda kulisha ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walishauzwa zamani.

Kwa hiyo Vendla alipotaka lijengwe banda la gari, lenye kuta za zege, Evert alilipokea ombi hilo kama habari njema. Mtu anayejenga, alijiambia, haagi.

"Miaka yote nakwangua barafu kwenye kioo cha gari hukunionea huruma," alimtania. "Leo imekuwaje?"

"Leo nimekuonea huruma."

Ardhi ya huku huganda kuanzia juu kwenda chini, na ikifika Februari baridi imeshashuka futi sita. Udongo huvimba ukapasua ukuta wowote. Wazee walichimba hadi chini ya baridi, lakini Vendla hakutaka shimo.

"Kule chini ardhi ina joto lake," alimwambia. "Ukilifunika vizuri halitoroki. Futi sita mgongo wako hauziwezi, na mimi sitaki uchimbe wewe."

Mahali alipachagua mwenyewe, nyuma ya nyumba, kwenye miti yenye magome meupe. Evert aliuliza gari litapitaje, maana njia haikuwapo. Akaambiwa hilo amwachie yeye. Basi akakwangua majani, akatandika mabamba, na katikati akayapandanisha matatu kama alivyoelekezwa. Juu akaweka nyasi kavu na matawi ya misonobari, kama watu wa huku wanavyoifunika miguu ya kuta za nyumba zao kila vuli, kabla ya barafu. Saruji haikuletwa. Kuta, alisema Vendla, ni kazi ya wakati theluji ikiyeyuka.

Jumamosi moja alikuja Lowell, mchimbaji wa visima, mitaro na kila shimo la mji ule, kula maharage kama kawaida yake.

"Mzee Evert, nimeona msingi wako. Kuku wanahamia lini?"

"Cheka tu. Mwakani utakuja kunipigia magoti uegeshe hicho kigari chako."

Vendla akamtuma mumewe kuni. Aliporudi, maharage ya Lowell yalikuwa yamepoa sahanini, na utani ulikuwa umekwisha.

Vendla alikufa Januari, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Evert.

Mtu wa mazishi alikuja akazungumza kwa sauti ya chini. Ardhi ya makaburini ilikuwa jiwe, alisema. Marehemu angelala kwenye kile chumba cha mawe kando ya lango, pamoja na wengine waliokufa baada ya barafu kuanza, mpaka Mei. Ndivyo ilivyo desturi.

Evert alikijua chumba hicho. Baba yake alilazwa mle majira ya baridi moja, na kila Jumapili mama yake alikwenda kusimama kwenye theluji mbele ya mlango wa chuma, akimsimulia mumewe habari za nyumbani, mpaka kifua kikambana. Mei walizika wawili.

"Simpeleki kule," alisema.

"Ardhi haichimbiki, mzee wangu."

"Nimesema simpeleki!"

"Basi niambie tumweke wapi."

Hapo ndipo Evert alipolia, kwa sauti, mbele ya mtu asiye ndugu yake. Alijiona mume asiyefaa kitu, aliyeshindwa kumpatia mkewe hata kaburi.

Walikuwa bado wamekaa hivyo Lowell alipoingia uani na beleshi begani. Hakupiga hodi. Alizunguka moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, akaanza kutupa matawi huku na huku.

Evert alitoka mbio na soksi kwenye theluji. "We Lowell! Huna haya? Mwili haujatoka ndani nawe unabomoa kazi yake? Toa mikono yako!"

Lowell alivua kofia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sibomoi, mzee. Ndiyo kazi aliyonipa mwenyewe. Alisema pale katikati, futi sita, na kibali cha kuzikwa hapa alishakichukua."

Aliinua mabamba matatu, akasimamisha beleshi juu ya udongo mweusi, akalikanyaga. Likazama hadi kwenye mpini.