Namba ya Bi Mashavu

Shani, fundi wa kompyuta, aliunganisha kompyuta ya zamani ya zahanati na mfumo mpya wa mtandaoni. Kuanzia leo, mfumo ungesoma orodha ya watoto wa chanjo na kuwatumia mama zao ujumbe wa kuwakumbusha. Alibonyeza kitufe.

Simu ya Bi Mashavu, karani wa masjala, ikalia. Ikalia tena. Haikunyamaza.

"Mama, mbona ujumbe unakuja kwako?" Shani aliuliza.

Bi Mashavu aliinamisha kichwa. "Kompyuta haikubali nafasi ya simu iachwe wazi, mwanangu. Asiye na simu nilimwandikia namba yangu. Nikitoka kazini nawapitia majumbani, nawakumbusha."

Watoto thelathini na wanane, namba moja. Shani alimweleza kwamba ameagizwa kufuta kila jina lenye namba iliyojirudia.

"Utawafuta?"

"Siwafuti. Lakini miguu yako, mama?"

"Miguu ipo. Simu ndiyo inanigombeza kama wifi yangu."

Shani alicheka kidogo, kisha akasema taratibu, "Leo nigawie nusu yao."

Bi Mashavu akavuta karatasi, akaanza kumchorea njia: kisima, ukuta uliobomoka, mlango wa bluu.