Tundu la Adui

Katika mji ule wa kilimani hakuna aliyeijua historia ya ngome kama Bi Shinuna, ingawa aliyemuuliza mara mbili alipata historia mbili. Zamani watu walijifungia humo kuwakwepa wavamizi. Wajukuu wao walipohamia bondeni kufuata maji, wachoraji wakapanda na rangi zao, wakapanga vyumba magofuni.

Asubuhi hiyo mpangaji wake, Tufaha, alikuwa amekoroga chokaa azibe tundu la ukutani, apate pa kuchora.

"Usilizibe, mwanangu," Bi Shinuna alisema. "Hapo babu zetu walitolea mitutu ya bunduki. Adui akisogea tu, kwisha habari yake."

"Na haya madoa meusi, bibi?"

"Baruti hiyo."

Tufaha akashusha mwiko kwa heshima. Ndipo mkono wenye makunyanzi ukapenya tunduni kutoka kwa jirani, umeshika kikombe cha kahawa.

"Shinuna, pokea upesi," sauti ya mzee ilinong'ona. "Leo nimekuibia na kashata."

Tufaha akautazama mkono, kisha akamtazama bibi, aliyekuwa akijitanda upya kanga ambayo haikuwa imelegea.

"Adui mwenyewe ndiye huyu, bibi?"

Kikombe kikabaki hewani, kinafuka moshi.