Kasuku Awapokea Watoto wa Digidigi

Fisi na Mbwamwitu walipopigania mbuga, watoto wa Digidigi walikimbilia msitu wa ndege, peke yao. Desturi ya huko ni mgeni kupokewa kwa kuchekeshwa, na kazi hiyo ilikuwa ya Kasuku, fundi wa kuiga sauti.

Kasuku akaiga kicheko cha Fisi. Ndege wote wakavunjika mbavu. Watoto wakajificha chini ya majani, wakitetemeka.

"Watoto gani hawa wasio na shukrani!" Kasuku akafoka. "Nimejichosha bure!"

Kobe, aliyekuwa akiwalisha, akamwambia, "Bwana Kasuku, hebu shuka uwatazame."

Kasuku akashuka. Mdogo wao akamuuliza, "Mjomba, na sauti ya mama unaiweza? Hiyo uliyoitoa ni ya yule aliyemkamata."

Juu, wenzake walikuwa bado wanacheka. Kasuku hakuthubutu kuinua kichwa.

"Siijui, mwanangu," akasema kwa aibu. "Hebu nieleze ilivyokuwa."

Mtoto akatoka kwenye majani, akaanza kumweleza.

Tangu hapo, mgeni akiingia msitu ule, Kasuku ndiye wa kwanza kunyamaza.