Presha ya Kila Alhamisi

Tiba ni bora kuliko kinga. Karani wa masjala hakuwahi kulitamka hilo mbele ya watu, wangemcheka, lakini aliliamini. Kinga mtu huifanya peke yake. Tiba huja na mtu wa kukushika mkono.

Ndiyo maana mchana ule, mlango ukiwa umefungwa na mafaili yakimzunguka pande zote, alikuwa akimimina chumvi kiganjani na kuilamba kama mbuzi.

Muuguzi wa kampuni alipokuja mara ya kwanza aliwapima wote, kisha akawahubiria: wapunguze chumvi, waache sigara, wapande ngazi, wasikae kitako kutwa nzima kama magunia ghalani. Mhasibu akamjibu kwamba presha yake yeye ina jina, na ofisi yake iko ghorofa ya juu. Watu wakacheka. Waliokutwa na presha walielekezwa hospitali. Karani peke yake aliambiwa yake imepanda kidogo tu, muuguzi angekuja kuipima mwenyewe kila Alhamisi, kulekule masjala.

Tangu mumewe afariki na binti yake aolewe mbali, hakuna aliyemgusa karani ila vidole vya kupokezana mafaili. Sasa kila Alhamisi mtu alivuta kiti, akamfunga mkanda mkononi, akamwambia, "Tulia kwanza, dada. Presha haipimwi kwa haraka."

Walitulia. Walisimuliana magoti yanayouma, majirani wasioitikia salamu, na namna ya kupika chakula cha mtu mmoja kisibaki kiporo. Chai ikapoa. Ndipo muuguzi alipoigeuzia mashine upande wake, akaitazama, akatikisa kichwa.

"Bado iko juu. Tuonane wiki ijayo."

Karani alijitia huzuni usoni. Moyoni alipiga vigelegele. Hofu yake ilikuwa moja tu, isije ikashuka.

Na sasa daktari wa kampuni, kwa kusikia kwamba presha ya mama wa masjala haisikii ushauri, alikuwa amemletea vidonge. Vilimkodolea macho pale mezani. Akivimeza, presha itashuka na Alhamisi itarudi kuwa siku kama nyingine. Asipovimeza, atakuwa anamdanganya mtu pekee anayemuuliza ameamkaje.

Muuguzi alipoingia na kuviona, alisimama ghafla kama aliyekanyaga mwiba. Akauliza nani kavileta. Akauliza, kwa sauti iliyokauka, kama amekwisha kumeza hata kimoja.

"Sijameza," karani alisema. "Na sitaki, sista. Nimekuwa nikilamba chumvi makusudi. Presha ikishuka hutakuja tena. Nisamehe."

Muuguzi aliketi. Mashine hakuitoa. Alivikusanya vidonge vyote, akavitumbukiza kwenye mkoba wake, akaufunga.

"Hivi usivimeze kamwe, vitakuangusha. Na chumvi yako umeilamba bure, dada. Presha yako haijapanda hata siku moja. Ni mimi niliyekuwa nikisema imepanda, nipate sababu ya kurudi. Kwa daktari nitakwenda kujieleza leo hii. Lakini kwako wewe, radhi siombi."