Bustani ya Sebuleni

Tangu bustani za umma za Kent, Uingereza, zigawanywe, kila nyumba ilipewa kipande cha nyasi za umma ikitunze sebuleni, na mtu yeyote ana haki ya kuingia kupumzika mpaka jua lizame.

Shomari alirudi kutoka kazini miguu ikimwaka moto. Nyumba yao ni chumba kimoja, ndicho sebule, na jiko. Mkewe, Mwanahawa, alikuwa amejibanza jikoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, tumbo la miezi minane limemlemea. Sebuleni, mzee Mwingereza asiyemjua amelala chali, na mbwa wake anakojoa pale lilipokuwa kochi.

"Mtoe, bwana. Mgongo unanikatika. Kaingia bila hata hodi!"

"Nani anapiga hodi bustanini? Nyasi ni zake kama zangu."

"Basi na mimi ni mtu yeyote."

Shomari alitaka kucheka, akakosa nguvu. Mwanahawa alijikokota hadi kwenye nyasi, akajilaza. Mzee akamsogeza mbwa wake kumpisha, akamuuliza kwa adabu kama anakaa karibu.

Mwanahawa akafumba macho.

"Hapana," akamjibu. "Nimetoka mbali kidogo."