Doa Ambalo Kamera Haikuliona

Kamera ya Duane ilikataa katakata kuliona jua. Kwenye kioo chake kidogo kulikuwa na ukungu mwekundu tu, na kila alipojaribu kulenga, ukungu ule ulizidi kunenepa.

"Labda haijanywa kahawa," alisema Lida Kucera kutoka kwenye kiti chake cha kukunja, mchoro wake umelala magotini.

Walikuwa kwenye nyasi za maktaba ya mji wao mdogo wa Nebraska. Tangu nywele zake zikiwa nyeusi, Lida ndiye aliyechora jua kila Jumamosi kwa darubini ya chama chao cha watazama anga, yenye kichujio cha kukinga macho, na mchoro ukatundikwa mlangoni mwa maktaba. Tangu afiwe na mumewe, kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani. Sasa wanachama walikuwa wamesema: kuanzia leo, kama picha ya Duane italionyesha jua vizuri kuliko penseli, mlango ni wa picha. Duane alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, lakini mtu akishanunua kamera mpya haambiliki.

Duane aliichomoa kamera, akapachika pete ya kuirefusha shingo, akairudisha kwenye darubini. Ukungu ukakusanyika, jua likawa duara safi. Akapiga picha.

"Haya bibi, njoo uone mambo!"

Lida akaitazama, kisha akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Duane wee, jua lako limenyolewa! Doa langu liko wapi?"

Kwenye mchoro, chini kidogo ya katikati, kushoto, palikuwa na doa jeusi. Kwenye picha hapakuwa na kitu.

"Hakuna doa, Lida."

"Lipo! Nimefumba jicho la kushoto, nikakodoa la kulia katikati ya jua kama siku zote, likaja lenyewe. Wewe umekula maandazi ya jamu, halafu ukaishika lenzi kwa vidole vivyo hivyo."

Duane akanusa vidole. Akafuta lenzi, akapiga tena. Hakuna. Akaigeuza kamera, akaikaza, akapiga tena. Hakuna. Jasho likaanza kumtoka. Chombo kilichokuwa kimeshindwa kuliona jua zima, kingewezaje kuliona doa dogo?

Mwishowe akaichomoa kamera.

"Basi. Mwenye macho haambiwi tazama. Katundike mchoro wako, mama. Mimi na huyu mtoto wangu tutarudi akishajua kusoma."

"Na mwache kwanza anyonye!"

Lida alifurahi, furaha ya kweli ambayo hakuwa ameionja tangu mazishi. Mlango ulikuwa bado wake. Akasimama, mchoro kwapani, akamtazama rafiki yake usoni na kufumba jicho la kushoto kumkonyeza.

"Jipanguse, bwana," akamwambia. "Una jamu shavuni."

Duane akajipangusa kwa kiganja. "Imetoka?"

"Bado."

Akajipangusa tena, kwa nguvu, kwa mkono wa shati.

Lida, akiwa bado amelifumba lile jicho, akageuka polepole kuutazama mlango wa maktaba. Doa likageuka naye.